Bi Kulthum na Waliokuja Kumkagua Mtoto

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Bi Kulthum wa Mumias, muuza mitumba, aliyetutoka Jumatatu kwa ugonjwa wa figo na kuzikwa siku hiyo hiyo. Bi Kulthum. Mwanamke aliyedharau watu waziwazi, na mara nyingi walistahili.

Hakuwa mtu wa matusi. Alikutazama tu, kisha akarudi kukunja nguo zake. Ukitazamwa hivyo, ulikwenda nyumbani ukijiuliza umekosa nini.

Miaka kadhaa iliyopita, Aminah, mke wa mwanawe Rashidi, alifiwa na mtoto wake wa kwanza. Huzuni ikamkalia, ikakataa kuondoka. Hospitalini Kakamega wakamwanzishia dawa ya sonona, na ikamsaidia. Akarudi kula, akarudi kucheka. Kisha akashika mimba. Narudia, wapendwa, maana hapa ndipo penye kisa: Aminah alikuwa mjamzito, na alikuwa anameza dawa ya sonona.

Basi wataalamu wa barazani wakajitokeza. Kiongozi wao alikuwa Ismael, muuza mitishamba aliyejibandika mwenyewe jina la daktari. Alikuwa amesoma nusu ya habari kwenye simu: kwamba watoto wa panya waliopewa dawa hizo wakiwa wachanga walikua na woga, kwa sababu dawa inagusa serotonini, kemikali inayousaidia ubongo kujijenga. Nusu hiyo ilikuwa kweli. Nusu ya pili aliipika mwenyewe: kwamba mtoto wa Aminah atazaliwa zezeta. Aliyatangaza hayo sokoni, chupa zake za mitishamba zikiwa zimepangwa mbele yake. Biashara ni biashara.

Aminah aliyasikia. Akaacha dawa kimyakimya. Haikuchukua muda, akarudia kujifungia chumbani, sahani ya obusuma, ugali wa kwetu, ikipoa mlangoni. Bi Kulthum akaingia, akaketi kando ya kitanda.

"Mama, niliogopa kumharibu mtoto," Aminah akamwambia. "Sasa najiogopa mimi mwenyewe."

Bi Kulthum hakumkaripia. Alimfunga leso, akamshika mkono, wakaenda Kakamega.

Daktari Onesmus hakuwaficha kitu. Aliwaeleza kwamba dawa humfikia mtoto tumboni, lakini hata ugonjwa wa mama humfikia. Kwa panya, watafiti wameona mabadiliko kwenye ubongo. Kwa binadamu, majibu bado yanagongana.

"Kwa hivyo hujui," Bi Kulthum akasema.

"Sijui yote, Mama."

"Sawa. Wewe angalau hujui kwa heshima."

Rashidi ananiambia kwamba hiyo ndiyo sifa kubwa zaidi aliyowahi kumsikia mamake akimpa mtu mwenye shahada.

Aminah akaamua mwenyewe kurudia dawa, daktari akimfuatilia kwa karibu. Waliporudi Mumias, Bi Kulthum alipitia mezani kwa Ismael. Mwanamume yule akaanza tena habari za panya. Bi Kulthum akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia taratibu, "Mimi nimezaa watu, Ismael. Panya sijazaa. Na hao wako, hujawahi hata kuwaona." Soko zima lilicheka. Ismael akabaki anapangusa chupa zilizokuwa safi tayari.

Mtoto akazaliwa, akaitwa Anwar. Siku za kwanza alitetemeka, akapumua haraka haraka, akalia kwa sauti nyembamba. Daktari alikuwa amewatahadharisha kwamba hilo linaweza kutokea, akawaweka wodini hadi mtoto alipotulia. Walipofika nyumbani, wageni wakamiminika. Hawakuja kupongeza, wapendwa. Walikuja kukagua. Mama mmoja, tena jirani, alimpigia makofi karibu na sikio aone kama kichwa kinafanya kazi. Bi Kulthum akamchukua mjukuu wake, akafungua mlango.

"Hapa hatuonyeshangi watoto kama ng'ombe wa mnada," akasema. "Chai mtakunywa kwenu."

Leo Anwar yuko gredi ya tatu. Anasoma vizuri. Kelele anaziogopa; ngoma za harusi zikianza, yeye hujificha. Je, ni dawa? Ni ile huzuni? Au ni maumbile yake tu? Hakuna ajuaye, na anayedai anajua anakuuzia kitu.

Swali hilo lilimtafuna Aminah. Siku moja alimuuliza mama mkwe, "Je, ni mimi niliyemfanya hivi?"

"Ni yeye," Bi Kulthum akajibu. "Hivi ndivyo alivyo."

Na mwanamke yule aliyesikika soko zima, akishaingia nyumbani alinong'ona, kwa ajili ya mtoto mmoja anayeogopa kelele.

Kwenye mazishi Ismael alifika mapema, akaomba kueleza jinsi alivyoishauri familia hii tangu zamani. Rashidi akamwomba aketi. Akaketi, akala pilau. Nasikia aliomba aongezewe.

Kwako Aminah, kwako Rashidi, na kwako Anwar, makiwa. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Kulthum, na awape ninyi subira.

Nasi tuliobaki tutafakari. Mjamzito asiache dawa kabla ya kuzungumza na daktari wake. Nawe jirani, kabla hujamwambia aache, jiulize kama utakuwepo siku atakapoanguka. Kama hutakuwepo, nyamaza. Kunyamaza pia ni msaada, na hakuhitaji shule.