Mwalimu Hezekia na Kiranja wa Wiki

Mwalimu Hezekia Shemweta anastaafu tarehe 30 Novemba 1956, baada ya kufundisha miaka thelathini na moja, yote katika shule yetu hii iliyo juu ya njia ya Kwai. Alikuja kutoka kwao Bungu kwa miguu, siku mbili, viatu vikiwa begani ili visichakae. Waliomwona wanasema alivivaa alipofika mlangoni tu.

Wakati ule kiranja alikuwa yule mvulana mwenye kifua kipana kuliko wenzake, na kazi yake ilikuwa kushika fimbo. Mwalimu akaifuta desturi hiyo. Kila mtoto, msichana kwa mvulana, alipewa wiki yake ya kugonga kengele, kugawa majembe ya bustani na kusuluhisha ugomvi. Mwanafunzi mmoja, Sheshe, akiwa kiranja wa miaka minane, alimkuta Mwalimu mwenyewe amechelewa, akamwamuru afagie darasa. Mwalimu alifagia, tena hadi kwenye pembe.

Si kwamba hakukosea. Mwaka 1938 alitoa amri kwamba kiranja wa wiki aamkiwe shikamoo na darasa zima, ili aonekane ana cheo. Ikafika wiki ya Yudith, binti wa miaka kumi, na darasani alikuwamo mjomba wake wa miaka kumi na mitano. Mjomba huyo ndiye mimi ninayeandika. Nilimwamkia mpwa wangu shikamoo mbele za watu, naye, maskini, kwa woga akaitikia marahaba. Sijapata kuona haya kama siku ile.

Kwetu Wasambaa mjomba ni mtu mkubwa. Baba yangu, Mzee Yonathani, alipanda hadi shuleni akauliza, "Mghoshi, bwana wangu, hapa unafundisha watoto au unawapindua?" Kesho yake, kati ya watoto arobaini na wawili walifika tisa. Wazee wakampa Mwalimu hadi Ijumaa: aachane na viranja wake wadogo, au waandike barua aondolewe.

Angeweza kumrudisha mvulana wa fimbo, mambo yakaisha. Badala yake, Ijumaa hiyo aliwaita wazazi na watoto, akasema kosa ni lake peke yake, akaomba radhi. Kisha akasema kuwa wiki ya Yudith haijaisha, kwa hiyo amri mpya ataitoa binti huyo mwenyewe. Yudith alisimama, akasema kiranja ndiye atakayetangulia kusalimia: wakubwa shikamoo, wenzake hujambo, na asiyesalimia asiongoze. Akaanza papo hapo, na mimi mjomba wake nikiwa wa kwanza. Baba akasema watoto warudi Jumatatu.

Amri hiyo tunaifuata hadi leo. Yudith sasa ni mkunga. Sheshe ni karani bomani Lushoto, na wanaochelewa kufika ofisini kwake tunawahurumia.

Mwalimu, tunakushukuru, na tunakuombea wewe na mkeo, Mama Rahabu, mpumzike Bungu kwa afya na amani, wajukuu wakiwazunguka. Siku ile uliomba radhi mbele yetu sote, na hakuna mtoto aliyekujibu. Nimefundisha nawe miaka kumi na miwili nikiwa bado nimenyamaza. Leo nakujibu: nilikusamehe ulipokuwa umesimama pale pale, na ndipo nilipotaka kuwa mwalimu.