Sanduku ya Bande Niliyoikalia

Bamama ba mukutano huu, leo sikusimama kujisifu. Munanijua, kujisifu naweza hata nikiwa nimeikaa. Leo nasema haya yangu, na munisikie mpaka mwisho.

Mutoto wangu, baba wa bajukuu bangu bane, ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kupanda pikipiki. Anapeleka dawa za dispanseri toka Baraka mpaka Mboko. Muganga akamuambia: "Mutu wa pikipiki asitembee bila bande zake mwenyewe za kufunga kidonda."

Basi mimi nikamutengenezea. Nikanunua sanduku ndogo ya bati. Nikapasua shuka mupya, nikachemsha vipande, nikaanika, nikapiga pasi. Nikatia pamba, makasi, sabuni, chupa mbili za dawa nyekundu. Ikapendeza! Jirani akaomba pamba kidogo ya kusafisha sikio ya mutoto wake. Nikamujibu, "Pamba iko ku duka." Siku ileile nikatia kufuli. Ufunguo nikaufunga katika pindo la kikwembe changu ninachojifunga kila siku.

Siku moja tulikuwa tunaenda kwenye kilio Mboko. Mimi nyuma ya mutoto wangu ku pikipiki, nimeikaa kama bibi ya mukubwa, sanduku kwenye mapaja. Tulipokaribia, mbuzi akaruka njiani. Tukaanguka. Mimi nilichubuka magoti tu. Mutoto wangu, chuma ya pikipiki ilimupasua paja. Ile damu haikutiririka, bandugu zangu. Ilikuwa inaruka.

"Mama, sanduku!"

Nikashika pindo. Bure! Nilivaa kikwembe cha kilio. Ufunguo ulibaki nyumbani Baraka.

Bamama batatu bakatoka mbio katika shamba ya mihogo, mumoja na jembe. "Tupige kufuli!" Na mimi, nawaambia mbele ya Mungu, nikaikalia ile sanduku. "Mutaiharibu! Chupa zitavunjika! Mutu wa baiskeli aende Baraka alete ufunguo!"

Yule wa jembe akaniangalia. "Nyanya, unalinda sanduku ao unalinda mutoto?"

Hakungoja jibu. Akatupa jembe, akakunja kitambaa chake cha kichwa, akapiga magoti, akakandamiza kidonda kwa mikono yote miwili. "Basi ikalia! Utaikalia mpaka kwenye kaburi yake!"

Nikamuangalia mutoto wangu. Uso wake ulikuwa majivu. Alikuwa ameacha kuniita.

Nikaruka. Jembe nikalishika mimi mwenyewe. Mara moja, mara mbili, ya tatu kufuli ikakatika. Chupa moja ilivunjika kweli, ikachafua bande zangu za pasi. Nikachukua zile kavu, tukafunga, tukafunga tena, na yule mama hakuachilia mpaka damu ikanyamaza. Banaume bakamubeba kwa machela mpaka kwa muganga.

Iko muzima. Anachechemea, lakini anapanda.

Ninashukuru banaume ba machela. Ninamushukuru muganga. Na yule mama iko hapa ndani, sitamutaja, ameinamisha kichwa. Mama, ulinitukana vizuri. Asante.

Sasa ninyi muko na babwana na batoto ba pikipiki: bande ziikae juu, chupa chini, zimefungwa na kitambaa. Kufuli hapana! Kata mupira wa tairi ya zamani, uzungushie sanduku, basi.

Sanduku yangu hii hapa. We mama wa mbele, kuja. Weka mukono mumoja nyuma. Fungua.

Hapana! Ule wa nyuma uache. Ule unashika kidonda.