Tabibu Ezron Simbeye na Daftari la Mama Teresia

Leo, tarehe 30 Juni 2014, Tabibu Ezron Simbeye anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha afya kwa miaka ishirini na tisa.

Alifika mwaka 1985 kwa baiskeli kutoka Nanyala, akiwa na godoro na koti moja jeupe. Ameshona vidonda vya mapanga visivyo na idadi. Siku moja alilisukuma gari la wagonjwa kwenye matope ya Msangano, na kiatu chake cha kushoto kimebaki huko hadi leo.

Hakuona aibu kujifunza upya. Zamani, mgonjwa mwenye ini lenye mafuta aliulizwa anakunywa vikombe vingapi vya pombe, na akikana hakuaminiwa. Mwaka 2007 Tabibu alirudi kutoka semina Mbeya akawaambia wenzake kwamba hata asiyekunywa hupata mafuta kwenye ini, hasa mwenye kisukari au uzito mkubwa, na kwamba ugonjwa huo una jina lake. Akaibandua orodha ya zamani ya magonjwa mezani kwa karani.

Mimi niliajiriwa mwaka 2012, nikaikuta orodha hiyo kwenye droo. Niliogopa kuuliza kama bado inatumika. Tabibu aliposoma majibu ya picha ya ini ya Mama Teresia wa Ihanda, aliandika kwenye kikaratasi "ini lenye mafuta". Mimi, nikinakili kwenye daftari la matibabu la Mama, nikafuata jina lililokuwa kwenye orodha ile ya zamani: "ini la pombe". Mama ameniruhusu nimtaje. Ni mzee wa kanisa; hajaonja hata togwa iliyolala ikachachuka. Mkwewe alilisoma daftari, habari ikafika kanisani, Mama akazuiwa meza ya Bwana.

Jumapili iliyofuata Tabibu alisimama mbele ya wazee wa kanisa la Ihanda akasema kosa ni lake. Mama akarudishiwa nafasi yake. Tangu hapo, Tabibu akipita sokoni Ihanda vijana humwuliza, "Tabibu, leo umemlevya nani?" Hucheka, akawaambia wapange foleni. Hakunitaja. Nami nimenyamaza miaka miwili.

Ndugu wa Ihanda mliopo hapa, aliyeandika ni mimi, karani Ipyana.

Tabibu, asante, na unisamehe. Sote tunakuombea afya na mavuno mema ya kahawa shambani kwako. Na ukienda sokoni Ihanda, upite bila kuulizwa kitu.