Kinyozi Aliyejibu "Salama"

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa nne wa fundi viatu. Wateja walimwita Salama, kwa sababu ukimwuliza habari, hata akiwa na homa, jibu lilikuwa hilo moja.

Alisoma hadi darasa la saba. Mwaka 1975 alishika mkasi, na kwa miaka arobaini na mmoja kiti chake kilikuwa pale pale mkabala na posta, mbele ya kioo chenye ufa.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2014 mkono wa kulia ulianza kutetemeka. Aliuficha mfukoni, lakini mkewe aliuona kwenye kikombe cha chai. Miaka miwili baadaye mwalimu mmoja mstaafu alikalia kiti, akasema, "Nyoa tu, Salama. Ukikosea, sikio ninalo jingine." Walicheka wote. Jioni ile marehemu aliufunga wembe kwenye kitambaa, asiufungue tena.

Ulikuwa ugonjwa wa Parkinson. Februari 2019 alikubali kujaribiwa dawa mpya iliyokuwa bado inachunguzwa. Kila Jumatatu muuguzi alimwuliza, "Habari za mikono, baba?"

"Salama."

Muuguzi akaandika. Mkewe, aliyemfungia vifungo vya shati kila asubuhi, alivumilia wiki tatu. Ya nne uzalendo ukamshinda.

"Salama gani, baba watoto? Kijiko chenyewe kinakushinda!"

"Watu wanahangaika na mimi, niwavunje moyo?"

"Na atakayepewa dawa hii kesho, kwa sababu ya hiyo salama yako?"

Marehemu alimgeukia muuguzi. Kisha akasema, "Binti yangu, andika haijanisaidia. Na wiki zile pia." Muuguzi alipiga mstari, akaandika upya.

Mwezi Agosti aliachishwa dawa ile. Mkewe alilia njia nzima, akidhani ulimi wake ndio uliomfungia mumewe mlango.

"Usilie," marehemu alimwambia. "Ningeendelea kusema salama, ningewaachia wagonjwa wenzangu uongo."

Baada ya hapo miguu nayo ilikataa, kisha kumeza kukawa kazi. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, mkewe alimwuliza kama kawaida, "Umeamkaje?"

Alifikiri kwanza.

"Leo nimechoka, mama watoto."

Mkewe akajua. Akaketi kitandani, akamshika mikono yote miwili mpaka ikatulia.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Na sasa, kwa kweli kabisa, apumzike salama.