Kilo Arobaini kwa Kila Farasi

Popote ulipo, punguza kelele kidogo, vuta kiti. Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi wa pikipiki za magurudumu matatu. Alifariki Jumapili iliyopita kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka sitini na minne. Mtaa mzima ulimwita Fundi Kilo.

Kwa nini Kilo? Kwa sababu hakufungua injini kabla ya kupima uzito. Ulimpelekea pikipiki imeshindwa mlima, ukatarajia ashike spana. Yeye aliisukuma kwenye mizani. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, na sakafuni alikuwa amefukia mizani tatu, zile za kupimia magunia, zikawa usawa mmoja na saruji. Gurudumu la mbele mizani ya kwanza. Ya nyuma, moja huku, moja kule. Alisoma, akajumlisha, akaandika kwa chaki ukutani. Kisha akagawanya uzito wote kwa nguvu za farasi za injini. Swali lake lilikuwa moja tu: kila farasi anabeba kilo ngapi?

Mteja mmoja alimjia juu. "Nimekuletea injini, wewe unaipima kama unanunua mbuzi!"

"Mbuzi ana akili," akajibu bila kuinua kichwa. "Ukimfunga bodi ya chuma kama hii, analala chini. Injini yako masikini haijui kulala."

Mazoea hayo aliyatoa kiwandani, alikokaa miaka kumi na mmoja kwenye mizani ya malori. Huko alijifunza kutoamini macho. Mkewe anasema, "Nilipojifungua binti yetu, kila aliyekuja aliuliza kafanana na nani. Baba yake aliuliza ana kilo ngapi."

Sasa tupande naye kilima, maana ndiko sifa yake iliko.

Zahanati ilikuwa juu. Njia ya kuifikia ni mita mia nne, nyembamba, kona tatu, na baada ya kona ya tatu mwinuko mkali hadi getini. Gari halipiti. Wagonjwa walibebwa na wanaume wanne, wakipumzika kila baada ya hatua chache, dakika arobaini. Miaka tisa iliyopita mama mmoja alijifungulia kwenye kona ya pili, juani, watu wakiwa wamempa mgongo ili kumsitiri. Mtoto hakuishi.

Kamati ya zahanati ikaamua itafute pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea wagonjwa. Muuzaji akawaazima mbili, wazifunge sehemu ya mgonjwa, wazijaribu, wachague moja. Kubwa ilikuwa na nguvu za farasi kumi na nane. Ndogo, kumi na tano.

"Hapa kuna mjadala gani?" mwenyekiti wa kamati aliuliza. "Kumi na nane ni zaidi ya kumi na tano. Mwanangu wa darasa la kwanza anajua."

Fundi Kilo akasema zipimwe kwanza. Jambo hili halikuwa jepesi kwake, wasikilizaji wapendwa. Chumba cha mgonjwa kwenye ile kubwa kilikuwa kimechomelewa na mdogo wake wa tumbo moja. Kazi safi: bati nene, madirisha mawili, mlango wenye kitasa. Mdogo mtu alikuwa akiipangusa kwa kitambaa kila akipita. Kwenye ile ndogo, Fundi Kilo mwenyewe alikuwa ameunga kitanda cha bomba nyembamba na paa la turubai.

"Kaka, hicho ulichotengeneza ni kibanda cha kuku," mdogo wake alimwambia.

"Na chako ni benki. Mgonjwa anataka kufika, hataki kufungiwa."

Wakapima. Kubwa, na chumba chake, na watu watatu: kilo mia nane na sabini. Gawanya kwa kumi na nane. Kila farasi anabeba kilo arobaini na nane na ushee. Ndogo, na kitanda chake, na watu wale wale: kilo mia sita. Gawanya kwa kumi na tano. Kila farasi, kilo arobaini kamili. Narudia: kubwa arobaini na nane, ndogo arobaini. Injini yenye nguvu zaidi ndiyo iliyolemewa zaidi.

Jumamosi asubuhi watu walijipanga njia nzima. Dereva akashika usukani. Muuguzi wa zahanati akaketi kiti cha nyuma. Mgonjwa hakuwapo, kwa hiyo Fundi Kilo akalala kitandani mwenyewe. "Mimi nina kilo sabini na moja," alisema. "Nimejipima asubuhi."

Kubwa ikatangulia. Ikapita kona mbili kwa makelele. Kona ya tatu ikagoma, klachi ikanuka, ikashushwa taratibu na watu wameishikilia. Mdogo wake alikiangalia kile kitasa.

Kisha ndogo. Ikapita kona ya tatu bila kubadilisha sauti. Watu wakaanza kushangilia. Ikaingia mwinuko wa mwisho, na hapo gurudumu la mbele likanyanyuka. Likaelea hewani, kiganja kizima juu ya udongo. Dereva akapinda usukani, pikipiki isimsikie; akapunguza mafuta ili gurudumu lishuke, nguvu ikaisha.

"Inarudi! Inarudi!" muuguzi alipiga kelele.

Ikaanza kuteleza kinyumenyume. Chini kulikuwa na kona iliyojaa watu. Aliyewaokoa ni yule mdogo mtu. Alikuwa akiifuata kwa miguu, pembeni, na jiwe mkononi. Akalisukuma nyuma ya gurudumu, akaegemeza bega. Ikasimama.

Fundi Kilo akashushwa, vumbi mgongoni. Mdogo wake alikuwa akihema.

"Kaka, umepima uzito wote. Hukupima umekaa wapi."

Hapo angeweza kusingizia njia. Angeweza kumlaumu dereva, na watu wangemwamini, kwa sababu hesabu yake ya kona ya tatu ilikuwa imetimia mbele ya macho yao. Lakini namba aliikumbuka: siku ile ya kupima, mizani ya mbele ilisoma kilo hamsini na nane tu kati ya mia sita. Aliiona. Aliiandika kwa chaki. Akaijumlisha na nyingine mbili, akaisahau. Na alipima sakafuni, pasipo mwinuko wa kuusukuma uzito nyuma.

"Dogo amesema kweli," aliwaambia watu wote. "Mizani ilinionyesha, nikapita. Kosa ni langu. Msiipande hii mpaka tuirekebishe."

Mwenyekiti akauliza kama basi wachukue ile kubwa. "Hiyo haifiki," akasema mdogo mtu, aliyeijenga. "Nimeiona kwa macho yangu."

Ndugu wawili wakashinda karakanani siku nne. Mmoja alikata, mmoja alipima. Kitanda na kiti cha muuguzi vikasogezwa mbele sentimita arobaini. Mizani ya mbele ikapanda kutoka hamsini na nane hadi tisini na saba. Jumla haikubadilika: mia sita. Farasi wale wale, kilo arobaini kila mmoja. Ilipojaribiwa tena, gurudumu halikuacha ardhi. Kutoka chini hadi getini, dakika mbili na nusu.

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, mama mwenye uchungu alipandishwa. Alijifungua juu, kitandani, mlango umefungwa. Tangu siku hiyo, kitabu cha zahanati kina wagonjwa elfu moja mia tatu na kumi na wawili waliopandishwa kwa pikipiki ile. Hakuna aliyeanguka. Tulimwomba muuguzi aihesabu namba hiyo mara mbili, na akaihesabu.

Kwa mkewe, kwa binti yake, na kwa mdogo wake mchomeleaji, tunawapa pole. Mdogo wake alituambia maneno machache: "Watu wanamsifu kwa hesabu. Mimi namsifu kwa ile siku aliyonipa haki yangu hadharani."

Wasikilizaji wapendwa, tumpumzishe fundi, nasi tutafakari. Kama kuna watu waliopanda juu ya neno lako leo, na wewe umegundua hesabu yako ina kasoro, waambie sasa, kabla hawajaufikia mwinuko.