Mzee Upande wa Pili na Rafu Iliyokosa Sahihi

Ifikapo saa kumi jioni ya Ijumaa tarehe 28 Juni, mkuu wa maktaba yetu ya santuri atakabidhi funguo na kustaafu, akiwa ameitumikia redio hii kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Hesabu hiyo aliifanya mwenyewe. Mwandishi wa wasifu huu aliihakiki akapata siku kumi, wakabishana kutwa nzima, na mwishowe wakakubaliana kwamba siku ya kwanza isihesabiwe, kwa kuwa aliimaliza yote akiitafuta maktaba ilipo. Msomaji ajue mapema kwamba mwandishi huyo ni mwanamama, fundi mitambo mkuu, jirani wa mstaafu hapa ofisini mlango kwa mlango kwa miaka ishirini na miwili, na mpinzani wake. Ofisi ya utumishi ilitafuta mtu wa kumwandika mzee bila upendeleo, ikamkosa.

Alipoajiriwa, maktaba ilikuwa chumba kimoja chenye santuri mia sita zilizolazwa sakafuni kama sahani za harusi iliyoahirishwa. Mwezi wa kwanza alizisimamisha zote. Mwaka wa kwanza alizifuta vumbi moja moja kwa kitambaa cha fulana yake mwenyewe. Leo zipo elfu tisa na ushei, kila moja ina kadi yake, na hakuna mtangazaji aliyewahi kuomba wimbo akaondoka mikono mitupu. Ukisahau jina la wimbo, mwimbie puani tu ataupata. Alimpatia hata mtangazaji wa michezo, ambaye huimba kila kitu kwa sauti ile ile ya kutangaza penalti.

Lakini tusizunguke mbuyu. Moyo wake wote ulikuwa kwenye rafu ya dirishani, rafu ya roki progresivu, santuri mia tatu na kumi na mbili. Kwa msomaji ambaye hajawahi kukalishwa kitini na mzee huyu, roki progresivu ni ule muziki wa magitaa na vinanda ambao wimbo mmoja unaweza kujaza upande mzima wa santuri. Unaanza kwa filimbi, ukadhani ni wa kumlaza mtoto. Dakika ya tano ngoma zinaingia kwa mapigo saba badala ya manne, na mguu wako uliokuwa ukigonga sakafu unabaki hewani ukisubiri maelekezo. Dakika ya kumi na moja mtu anaimba kuhusu sayari. Ukidhani umekwisha, kumbe kinanda ndiyo kwanza kinakohoa. Mkewe, ambaye ni muuguzi mstaafu, huziita nyimbo zisizojua kuaga.

Kila Ijumaa ya mwisho ya Novemba mzee alibandika mlangoni Kumi Bora yake, albamu kumi za roki progresivu zilizopangwa kwa ubora. Kwa kuwa majina halisi ya albamu hizo ni marefu na yanachosha ulimi, jengo zima lilizijua kwa picha za majalada: Bata wa Buluu, Koti la Daktari, Ngazi Inayoshuka, Mbwa Wawili. Bata wa Buluu alishika namba moja miaka tisa mfululizo. Mwaka wa kumi akashushwa hadi ya nne bila onyo, na siku hiyo ilikuwa patashika nguo kuchanika. Mhasibu, mtu asiyemiliki hata kifaa cha kupigia santuri, aliandika barua ya malalamiko ya kurasa mbili. Mlinzi wa getini alimnunia mzee wiki nzima, akisema Bata kadhulumiwa, na kwamba hilo Koti la Daktari lililopandishwa si roki progresivu hata chembe, ni muziki wa shambani uliovalishwa gitaa la umeme.

Mzee hakulala na neno hilo. Mchana wa siku ya pili alishuka getini na kifaa cha kupigia santuri, waya wa mita ishirini na albamu zote mbili chini ya kwapa, akampigia mlinzi pande nne kwa saa moja na nusu huku magari yakipanga foleni barabarani. Wakurugenzi wawili wa matangazo walioshuka garini kufoka waliishia kuchukua upande wa Bata. Mlinzi hakubadili msimamo. Novemba iliyofuata Koti lilishuka hadi la saba, na mzee anakula yamini mpaka leo kwamba hakushawishiwa na mtu.

Vita vyenyewe hasa vilikuwa vya vibandiko. Kibandiko ni kile kikaratasi cha rangi kwenye ubavu wa jalada kinachosema huu ni muziki wa mtindo gani. Rafu nyingine zote ziliridhika na rangi moja. Ya mzee ilikuwa na kumi na tisa: kijani kwa roki ya simfonia, zambarau kwa roki ya anga, njano kwa ile yenye filimbi zaidi ya dakika sita, na waridi kwa roki progresivu yenye majuto, mtindo wenye albamu moja tu duniani. Mwandishi wa wasifu huu alishikilia kwamba urefu si mtindo, ni ukosefu wa mhariri, na kwamba rafu nzima ingetosheka na neno moja, Roki. Mzee alijibu kwamba huko ni kumwita twiga mbuzi kwa sababu wote wanakula majani. Mwandishi akasema twiga naye ni mbuzi aliyekosa mhariri. Hayo yalizungumzwa kila mchana, wakati wa chakula, katika maktaba, santuri ikizunguka. Anayetaka kujua ni mara ngapi azidishe mwenyewe.

Hapa pana jambo la kukiri. Watumishi wa zamani wanaikumbuka ile taarifa ya hali ya hewa. Msomaji wa taarifa alikuwa akieleza kwa upole kwamba mvua za wastani zinatarajiwa, chini ya sauti yake kikipita kinanda kitulivu kutoka albamu yenye kibandiko cha Ala Tupu, yaani muziki usio na mwimbaji. Alipofika kwenye upepo, kinanda kilinyamaza, mwanamume akapiga ukelele wa sekunde kumi na moja, na ngoma zikaanguka zote kwa pamoja. Simu ziliita hadi jioni. Mama mmoja aliuliza kama upepo umeshafika studio. Bwana mwingine alipiga kuripoti kwamba tayari yuko juu ya paa akifunga mabati kwa kamba, na anaomba kujua ni muda gani amebakiwa nao.

Mzee alikwenda kwa mkurugenzi wa wakati huo akasema vibandiko vyote vya maktaba ni vyake. Akapewa barua ya onyo, nusura unga umwagike. Ukweli ni kwamba kile kilibandikwa na fundi mitambo mgeni, mwenye miezi mitatu kazini, aliyekuwa na haraka na aliyesikiliza dakika nne tu za upande wa kwanza. Fundi huyo ndiye anayeandika wasifu huu. Mzee hakumkaripia. Alimwita, akamkalisha, akampigia albamu nzima, pande zote mbili, na ukelele ulipofika akamwongezea sauti.

Siku ya pili akatunga kanuni inayotumika hadi leo: hakuna santuri inayopata mtindo mpaka watu wawili waisikilize pande zote na wote wawili watie sahihi. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mzee Upande wa Pili kwa kila mtu, na hata hundi ya likizo iliwahi kuandikwa hivyo.

Ni kanuni hiyo hiyo iliyotaka kumponza. Mwezi Machi uongozi ulileta mfumo wa kompyuta wa kuorodhesha muziki wote. Mfumo ulikuja na mitindo kumi na minne, na roki progresivu haikuwamo. Waraka ulisema mtindo unaweza kuongezwa, au rafu ikahamishiwa mtindo mwingine, kwa fomu yenye sahihi mbili, mwisho Ijumaa tarehe 14 Juni saa kumi jioni. Santuri zisizo na fomu zingeingizwa kwenye Mengineyo na kushushwa kwenye ghala la chini, palipo na lile bomba linalovuja ambalo kila mwaka tunaambiwa litashughulikiwa. Santuri haifi haraka kwenye unyevu. Jalada linavimba, ukungu unaingia kwenye mifereji, na siku moja unaweka sindano unasikia mvua tu.

Ilihitajika sahihi ya pili, na aliyezisikiliza zote pande zote mbili, mbali na mzee, alikuwa mmoja tu, mbishi wake wa miaka yote. Wiki kumi na moja mzee alileta fomu yenye neno roki progresivu, na wiki kumi na moja fundi mitambo alisema andika Roki nitie sahihi leo. Mzee alisema akiziandika Roki zitamwagwa katikati ya nyimbo elfu nne za dakika tatu tatu na hakuna atakayezipata tena. Wote wawili walikuwa wakicheka mwezi Aprili. Mwezi Mei mzee aliacha kucheka. Mkewe naye alimpigia simu fundi mitambo, maana alikuwa ameambiwa kwamba badala ya kuziona ghalani, mumewe atazihamishia zote sebuleni.

“Wifi yangu,” alisema, “nimepima ukuta. Zikija hizo, mimi natoka. Tia sahihi mtu apumzike.”

Asubuhi ya tarehe 14 ndipo yalipotokea yale ambayo yangeweza kutokea kwa watu hawa wawili tu. Mzee aliona bora santuri ziokoke kuliko kushinda ubishi. Akajaza fomu kwa mkono wake, akaandika Roki, neno tupu, akatia sahihi na kuiacha kwenye meza ya katibu muhtasi bila kumwambia mtu. Saa moja baadaye fundi mitambo, ambaye hakuwa amepata usingizi wa maana, alijaza yake, akaandika roki progresivu, akatia sahihi na kuiacha meza ile ile. Saa tisa na nusu katibu muhtasi aliwaita wote wawili. Alikuwa na fomu mbili za rafu moja, mitindo miwili, kila moja ikiwa na sahihi moja, na kwa kanuni ya mzee mwenyewe zote zilikuwa batili.

Watu wenye akili wangetia sahihi fomu yoyote wakaenda kunywa chai. Hawa walianza upya. Mzee alitetea Roki kwa nguvu zake zote, akasema kweli urefu si mtindo. Fundi mitambo akamuuliza tangu lini twiga amekuwa mbuzi. Mzee akasema amemfikiria sana yule twiga na ameona kweli amekosa mhariri. Walibishana dakika ishirini, kila mmoja akitumia hoja za mwenzake, tena akizitumia vizuri kuliko mwenyewe. Mlinzi alikuja mpaka mlangoni kusikiliza.

“Jamani,” katibu muhtasi alisema akitazama saa ya ukutani, “mmoja wenu akubali kushinda.”

Kisha mzee akavuta fomu ya fundi, akaisoma mara mbili kana kwamba neno lile halijui, akatia sahihi saa tisa na dakika hamsini na sita. Machozi yalimtoka. Aliomba hilo lisiandikwe, lakini wasifu huu umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kumkubalia kitu. Rafu iko dirishani, iko kavu, na mtindo wa kumi na tano kwenye mfumo ni wake.

Naomba sasa niache kujiita mwandishi wa wasifu huu, maana yaliyobaki hayasemeki kwa mbali. Mzee wangu, nilikubali kwamba roki progresivu ni mtindo katika mwaka wangu wa pili hapa. Ilikuwa mchana, ulinipigia Ngazi Inayoshuka, na yale magitaa mawili yaliporudi kwa mapigo mengine niliona wazi unachokisema. Nilifungua kinywa nikubali. Nikawaza, nikikubali leo, kesho mchana utanipigia nini? Nikakwambia hao watu wanahitaji mhariri, nawe ukainuka kwenda kutafuta santuri nyingine ya kunishawishi. Umenishawishi miaka ishirini, na hata zile wiki kumi na moja niliogopa tu kwamba nikitia sahihi ubishi utakuwa umekwisha. Unisamehe kwa kukuchosha. Kwa barua ile ya onyo, asante, nimechelewa mno kuisema.

Wafanyakazi wote wamenituma nikuage kwa heshima. Upumzike vyema, mzee wetu, uwe na afya na masikio mazima, na miaka iliyo mbele yako iwe myema na mirefu. Mimi Jumatatu mchana sina wa kubishana naye, na sijui chakula cha hapa kina ladha gani kikiliwa kimya.