Tuda, Mlinzi wa Malisho ya Juu

Ndugu waombolezaji, marehemu Tuda binti Hmad alizaliwa Machi 1956 kijijini kwetu Tiwardin, katika milima ya Atlasi, mtoto wa pili wa mzee Hmad na Bi Itto, hakusoma kwa kuwa shule haikuwapo, akakulia nyuma ya mbuzi kwenye agdali, malisho yetu ya pamoja yanayofungwa kila majira ya kuchipua ili nyasi zipumue.

Mwaka 1967 baba yake aliwaonyesha maofisa wa misitu mipaka ya msitu wetu kwa moyo mweupe, wakarudi na seng'enge, kisha wakamtia ndani kwa kuokota kuni mlemle, na tangu hapo marehemu akimwona mgeni mwenye karatasi, aliwageuza mbuzi akapanda nao juu.

Aliolewa na Bw. Moha Septemba 1974, wakajaliwa Izza na Basu, na mumewe alipofariki mwaka 1999 kijiji kilimchagua kuilinda agdali.

Aprili 2014 walikuja wapangaji wa ardhi, wakasema bonde zima, kuanzia chemchemi hadi mashamba, litapangwa kwa kushirikiana na wenyeji, na pasipochorwa kwenye ramani patahesabiwa pori tupu la kuchimba mawe. Watu waliogopa kuwaonyesha mipaka, na shemeji yake, Bw. Usaid, akamfokea mkutanoni, "Ukiwaonyesha umetuuza, Tuda! Umemsahau baba yako?" naye akajibu, "Namkumbuka kuliko wewe, na naogopa kuliko wewe, lakini tukinyamaza watapachora wenyewe." Akawapandisha mlimani, akawakatalia kuchora hata mstari mmoja mpaka walipokubali kwa sahihi kwamba baraza la kijiji ndilo litakaloyafunga na kuyafungua malisho.

Mpango ulipitishwa Juni 2016, machimbo hayakuja, ila marehemu hakupata tena usingizi mzuri, kila gari lilipopanda alitoka kutazama kama limebeba seng'enge.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2022, akatibiwa mjini, akafariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, Izza akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba kwa machela hadi barabarani, wapangaji waliofika leo, na Bw. Usaid, aliyechimba kaburi hili kwa mikono yake bila kutaka kupokewa jembe. Mpango utapitiwa upya mkutanoni mwezi ujao, Izza ndiye atakayesimama kusema, anaogopa, na sisi tunaogopa, lakini tutakwenda.

Lalla Tuda, bibi yetu mheshimiwa, pumzika, Mungu akupe amani ambayo huku kwetu hukuipata.